Mfupa wa Enzi: Kwa Nini Watawala wa Wallachia Walipokezana Kiti

Swali: «Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu waliniuliza kuhusu Dracula wa kweli, nami nikaingia kusoma. Nimekuta kwamba yeye, kwa jina lake Vlad, alikalia kiti cha Wallachia mara 3, baba yake mara 2, na jamaa zao wengine wawili, Dan na Radu, walipokonyana kiti mpaka nikapoteza hesabu. Je, nchi hii haikuwa na sheria ya urithi? Na kama ilikuwa nayo, ni nani kati yao aliyekuwa mtawala halali na nani mnyang'anyi?»

Jibu:

Mwalimu, sheria ilikuwapo, tena ilishikwa kwa ukali kuliko orodha ile inavyoonyesha. Tatizo ni kwamba ilijibu swali moja tu: ni nani anayeweza kutawala. Nani hasa atatawala, hilo liliachwa mikononi mwa watu. Kwa miaka 100 ya mwanzo watu hao walikuwa wa ndani, na nchi ikatulia. Kisha majirani wawili wenye nguvu, Hungaria upande wa kaskazini na Waosmani, yaani dola ya Waturuki, upande wa kusini, wakajifunza namna ya kuitumia nafasi ile iliyoachwa wazi. Vurugu uliyoiona kwenye orodha inaanzia hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu nchi yenyewe. Wallachia ndiyo sehemu ya kusini ya Romania ya leo, kati ya milima ya Karpati na mto Danubi. Wenyewe waliiita Țara Românească, yaani Nchi ya Waromania. Mwanzilishi wa nasaba yake ni Basarab wa Kwanza, aliyeanza kutawala mnamo mwaka 1310. Mwezi Novemba 1330 alimvizia mfalme Charles Robert wa Hungaria kwenye bonde jembamba, vita vinavyojulikana kwa jina la Posada, na jeshi la Hungaria likapigwa kwa mawe na mishale kutoka juu kwa siku 4. Mfalme alinusurika kwa kubadilishana nguo na mmoja wa watu wake. Kuanzia siku zile Wallachia ilikuwa na mtawala wake. Dada yake Wallachia, Moldavia, ilisimama kidogo baadaye, kaskazini-mashariki, nayo ilifuata desturi ileile.

Mtawala hakuitwa mfalme. Aliitwa voivode, neno la Kislavoni lenye maana ya kiongozi wa vita, na pia domn, neno la Kiromania lililotokana na Kilatini, maana yake bwana. Mbele ya jina lake kwenye hati aliandika Io, kifupisho cha Ioan, kama alama kwamba Mungu ndiye aliyempa enzi. Majina haya matatu yanaeleza mengi: ni amiri wa jeshi, ni mwenye ardhi yote ya nchi, na amewekwa na Mungu. Lakini hakuna hata moja linalosema kwamba yeye ni mzaliwa wa kwanza wa baba yake.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Waromania wana msemo os domnesc. Os ni mfupa, kwa hiyo tuseme «mfupa wa enzi». Mwanamume yeyote aliyetokana na mtawala kwa upande wa baba alikuwa na mfupa huo, na mwenye mfupa huo aliweza kuchaguliwa kuwa voivode. Mtoto wa kwanza na wa mwisho walikuwa sawa. Kaka wa marehemu na mtoto wa marehemu walikuwa sawa. Na hapa ndipo wasomaji wengi wanapojikwaa: mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa nao walikuwa sawa. Vlad Dracul, baba wa Vlad unayemfahamu, alizaliwa nje ya ndoa, mwana wa Mircea ambaye baadaye aliitwa Mircea cel Bătrân, Mircea Mkongwe. Maadui zake walimkosoa kwa mambo mengi, lakini kuzaliwa kwake hakukumfungia mlango.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi zaidi. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, wala hatuoni haja ya kumpima kwa vidole kama yu karibu kiasi gani. Katika Wallachia watoto wa kaka wawili walikuwa ndugu kwa namna hiyohiyo mbele ya kiti cha enzi.

Ili mwenye mfupa awe mtawala, ilipasa achaguliwe na maboyari, yaani wakubwa wenye ardhi na watumishi, pamoja na viongozi wa kanisa la Kiorthodoksi, kisha atiwe taji na mitropoliti, mkuu wa kanisa hilo nchini. Sharti lingine lilikuwa mwili usiokuwa na dosari. Mtu aliyepofushwa au kukatwa pua alihesabiwa kuwa ametiwa alama, hafai tena. Ndiyo sababu ndugu waliogombana hawakuuana kila mara. Pengine walipofushana, kwa kuwa hilo lilitosha kumwondoa mtu kwenye hesabu. Huko Moldavia, mwaka 1444, Ștefan wa Pili alimpofusha kaka yake Iliaș ambaye alikuwa ametawala naye. Hata sharti hili lilipindishwa mara chache. Bogdan wa Tatu wa Moldavia alikuwa na jicho moja, wakamwita cel Chior, Chongo, na bado alirithi kiti cha baba yake mwaka 1504. Ila baba yake alikuwa Ștefan cel Mare, Ștefan Mkuu, na alikuwa amemwandaa akiwa hai. Nitarudi kwenye jambo hilo la kuandaliwa.

Kwa nini wasimpe tu mtoto wa kwanza, wakamaliza ugomvi? Kwa sababu kiti hiki kilikuwa cha mtu wa vita. Nchi iliyokaa kati ya Hungaria na Waosmani haikuweza kungoja mtoto wa miaka 7 akue. Walitaka mwanamume mzima, anayepanda farasi, ambaye maboyari wangekubali kumfuata. Desturi yao ilikuwa na akili ndani yake. Ilitoa wagombea wengi ili asikosekane hata mmoja anayefaa. Kasoro yake ni hiyohiyo: wagombea walikuwa wengi.

Angalia miaka ya mwanzo. Tangu Basarab alipoanza mnamo 1310 hadi Mircea Mkongwe alipofariki Januari 1418, nchi ilikuwa na watawala 6, ukimwacha mmoja nitakayemtaja hivi punde: Basarab, mwanawe Nicolae Alexandru, kisha ndugu wawili Vladislav na Radu, kisha Dan wa Kwanza mwana wa Radu, kisha Mircea, ndugu wa Dan kwa baba. Baba kwa mtoto, kaka kwa kaka, bila mtafaruku wa kudumu. Sheria ilikuwa ileile ya mfupa. Tofauti ni kwamba mgombea aliyeshindwa hakuwa na mahali pa kukimbilia na kupewa jeshi la kurudi nalo.

Dalili ya kwanza ya mabadiliko ilionekana wakati wa Mircea mwenyewe. Baada ya kupigana na Sultani Bayezid huko Rovine, alilazimika kuvuka milima kwenda Transylvania, iliyokuwa chini ya Hungaria, na mtu aitwaye Vlad akakaa kitini kwake hadi mwaka 1397. Waandishi wa historia wamempa jina la Uzurpatorul, Mnyang'anyi. Mwalimu, kwa kuwa umeuliza neno hilo hasa, litazame kwa uangalifu. Huyu Vlad naye aliandika Io mbele ya jina lake, alikubaliwa na maboyari wengi, na akajiweka chini ya mfalme wa Poland mwaka 1396. Anaitwa mnyang'anyi kwa sababu Mircea alirudi na akashinda. Angeshinda yeye, huenda leo tungemwita Vlad wa Kwanza tu, bila kiambatisho chochote, na wanafunzi wako wangemkariri kama wengine.

Mircea alijua hatari iliyopo. Dawa yake ilikuwa kumshirikisha mwanawe Mihail katika utawala tangu mwaka 1408, ili siku ya kufa kwake kiti kisiwe wazi hata kwa saa moja. Dawa hii ilifanya kazi: Mihail alirithi mwaka 1418 bila vita vya ndani. Lakini mwaka 1420 aliuawa akipigana na Waosmani, na wanawe walikuwa mateka kwao. Mlango ukafunguka.

Hapa ndipo ulipopoteza hesabu, na huna haja ya kuona haya. Nilipoanza kusoma kipindi hiki nilichora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, nikaishia na mishale mingi kuliko majina. Dan wa Pili, mwana wa Dan wa Kwanza, aliungwa mkono na Hungaria. Radu wa Pili, mwana wa Mircea, ambaye watu walimpa jina la Praznaglava, Kichwa Kitupu, aliungwa mkono na Waosmani. Tangu 1420 hadi 1427 walifukuzana. Orodha za kawaida zinampa Dan vipindi 5 na Radu vipindi 4. Kila aliyefukuzwa alikwenda kwa mlinzi wake, akarudi na askari msimu uliofuata. Wote wawili walikuwa na mfupa. Wote wawili walikuwa na maboyari nyuma yao. Kisheria, hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba si haki yake.

Kati ya 1418 na 1456, miaka 38 tu, watu 9 tofauti walikalia kiti hicho. Linganisha na wale 6 wa miaka zaidi ya 100. Sheria haikubadilika hata herufi moja.

Vitabu vingi vitakuambia kwamba hii ilikuwa vita kati ya nyumba mbili, Dănești waliotokana na Dan na Drăculești waliotokana na Vlad Dracul. Majina hayo yanasaidia kukumbuka, na ni kweli kwamba uadui ulipita kutoka baba kwenda mtoto. Lakini nakuomba usiwafundishe wanafunzi wako kana kwamba palikuwa na vyama viwili vyenye wafuasi wa kudumu. Majina hayo ni lebo za wanahistoria wa baadaye. Boyari yuleyule aliweza kuhudumu chini ya Dan, kisha chini ya Vlad, kisha akarudi kwa mwana wa Dan. Alichokifuata mara nyingi kilikuwa shamba lake.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana bila suala la ardhi hutaelewa kwa nini watu waliendelea kuhatarisha shingo zao. Voivode ndiye aliyekuwa mwenye ardhi yote kwa jina. Boyari aliyemsaliti alikuwa na kosa la hiclenie, yaani khiana, na adhabu yake ilikuwa kifo pamoja na kunyang'anywa vijiji vyake. Vijiji hivyo voivode aliwapa wafuasi wake. Sasa fikiria kinachotokea mtawala anapobadilika. Wale waliokuwa na mtawala wa jana wanatangazwa wasaliti, vijiji vyao vinakwenda kwa wapya. Waliopokonywa hawakai nyumbani kulia. Wanavuka Karpati kwenda Brașov au Sibiu, miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani wa Transylvania, au wanavuka Danubi kwenda kwa kamanda wa Kiosmani wa Nicopolis. Huko wanatafuta mwenye mfupa yeyote, mtoto, mjukuu au mwana wa nje, wanamwambia: twende nyumbani, wewe upate kiti, sisi tupate vijiji vyetu. Kila mapinduzi yalikuwa yakizaa mapinduzi yajayo. Mji kama Brașov karibu kila wakati ulikuwa na mdai kiti mmoja anayekula na kulala humo, naye alikuwa mtaji mzuri kwa wafanyabiashara pale voivode aliyeko kitini alipowabana kwenye biashara.

Kwa macho hayo sasa msome Vlad wako. Baba yake, Vlad Dracul, alipata jina lake mwaka 1431 huko Nuremberg, mfalme Sigismund wa Hungaria alipomwingiza katika Jumuiya ya Joka; Dracul ni Joka, na Drăculea ni mwana wa Joka. Alichukua kiti mwaka 1436. Mwaka 1442 Sultani alimwita, akamzuia, na mwanawe mkubwa Mircea akabaki akiongoza, hadi Iancu wa Hunedoara, jemadari wa Hungaria, alipoingia na kumweka Basarab wa Pili, mwana wa Dan wa Pili. Mwaka 1443 Vlad Dracul alirudi kwa msaada wa Waosmani. Ili kuhakikisha utii wake, wanawe wawili wadogo, Vlad na Radu, walikaa kwa Sultani kama dhamana. Mwaka 1447 Iancu alikuja tena. Vlad Dracul aliuawa huko Bălteni, na mwanawe Mircea alipofushwa kwa chuma cha moto na kuzikwa hai mjini Târgoviște. Kiti akapewa Vladislav wa Pili, mwana mwingine wa Dan.

Mwezi Oktoba 1448 Vladislav alikuwa mbali, amemfuata Iancu kwenye vita vya Kosovo. Vlad, kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka 20, akavuka Danubi na askari wa Kiosmani na kukalia kiti kitupu. Vladislav alirudi, na Vlad akatoka baada ya majuma machache. Hicho ndicho kipindi chake cha kwanza. Cha pili kilianza Agosti 1456. Iancu alifariki kwa tauni mwezi huo, Vladislav alikuwa amegombana naye juu ya ardhi za Transylvania, na Vlad akashuka milimani safari hii akitokea upande wa Hungaria. Vladislav aliuawa. Unaona, mlinzi amebadilika, kutoka Sultani hadi Hungaria, lakini njia ni ileile.

Tarehe 10 Septemba 1456, akiwa kitini majuma machache tu, Vlad aliwaandikia watu wa Brașov barua ambayo mimi huiona kuwa ndiyo ufunguo wa mtu huyu. Aliwaambia kwamba mtawala akiwa na nguvu hufanya amani anavyotaka, na akiwa hana nguvu, mwenye nguvu zaidi humjia na kumfanya atakavyo. Si maneno ya mtu anayependa damu. Ni maneno ya kijana aliyeona baba na kaka wakifa kwa sababu kiti chao hakikuwa na ulinzi ila wa watu wa nje. Ukatili wake kwa maboyari, ambao ni wa kweli hata tukiondoa chumvi iliyoongezwa na vijitabu vya Kijerumani vya baadaye, ulilenga hapo: kuvunja lile duara la vijiji na wadai. Mwaka 1460 Dan, mdai kiti aliyekuwa amekaa Brașov na kujiita voivode, alivuka milima kumshambulia. Vlad alimkamata na kumkata kichwa.

Hakufanikiwa, na namna alivyoshindwa inafundisha kuliko vita vyenyewe. Mwaka 1462 Sultani Mehmed wa Pili aliingia Wallachia na jeshi kubwa. Usiku wa tarehe 17 Juni Vlad alishambulia kambi yake karibu na Târgoviște, akitafuta hema la Sultani, na akalikosa. Mehmed aliondoka bila kumkamata. Ila alimwacha nyuma Radu, mdogo wake Vlad, aliyelelewa naye huko Uosmani, yule aitwaye cel Frumos, Mzuri wa Sura. Radu hakuhitaji kupigana sana. Aliwaahidi maboyari amani, na maboyari wakahama mmoja mmoja. Kwa macho yao hawakuasi kitu. Huyu ni mwana wa Vlad Dracul, na yule ni mwana wa Vlad Dracul, mfupa ni mmoja. Mmoja anawaletea vita na Sultani, mwingine anawaletea usalama wa mashamba yao. Mwishoni mwa mwaka Vlad alikamatwa na Matthias Corvinus, mfalme wa Hungaria aliyetarajiwa kumsaidia, akawekwa kizuizini miaka zaidi ya 10.

Kipindi chake cha tatu, Novemba 1476, kilidumu kiasi cha mwezi mmoja. Alirejeshwa na majeshi ya Hungaria na ya Ștefan cel Mare wa Moldavia. Ștefan alimwachia walinzi 200. Vlad aliuawa kabla ya Januari kwisha, na katika walinzi wale walionusurika 10.

Huyu Ștefan anastahili aya yake. Kwanza, nchi yake mwenyewe ilikuwa imepitia yaleyale. Baba yake Bogdan wa Pili alikatwa kichwa huko Reuseni mwaka 1451 na Petru Aron, ndugu yake kwa baba. Ștefan alimfukuza Aron Aprili 1457 kwa msaada wa Vlad, na baadaye akammaliza. Akatawala miaka 47. Pili, alijaribu mara kwa mara kuweka mtu wake Wallachia, na mara kwa mara alivunjika moyo. Mwaka 1473 alimfukuza Radu na kumweka Basarab Laiotă. Laiotă akaegemea kwa Waosmani. Baadaye akamwinua Basarab cel Tânăr, aliyepachikwa jina la Țepeluș. Naye akaegemea kulekule. Wengine husema hawa walikuwa vigeugeu. Mimi naona jiografia. Waosmani walishika ngome za Giurgiu na Turnu, upande wa Wallachia wa mto Danubi, na kutoka Giurgiu hadi București farasi hana safari ndefu. Suceava, makao ya Ștefan, iko mbali kaskazini. Yeyote aliyekaa kwenye kiti kile, hata angependa nini moyoni, alihesabu umbali huo kila asubuhi.

Kama bado unadhani kwamba sheria ya mfupa peke yake ndiyo iliyoleta ghasia, tazama miaka iliyofuata. Mwaka 1482 kiti kilimwangukia Vlad Călugărul, Vlad Mtawa, mwana mwingine wa Vlad Dracul, ambaye kweli alikuwa ameishi utawani. Alilipa kodi ya Sultani kwa wakati, hakugombana na Hungaria, akamshirikisha mwanawe Radu katika utawala akiwa hai, kama Mircea alivyofanya. Alipofariki 1495, Radu, aliyeitwa cel Mare, alirithi bila upanga kuchomolewa, akatawala hadi 1508. Baba na mtoto, miaka 26. Majirani walikuwa wametulia, na maboyari wenye nguvu kuliko wote, ukoo wa Craiovești wa upande wa magharibi, walikuwa wameridhika.

Na ushahidi mkubwa kwamba sheria iliheshimiwa unatoka kwa Craiovești haohao. Baada ya kugombana na Vlad cel Tânăr, mwana wa Vlad Mtawa, walimwangusha kwa msaada wa Waosmani. Alikatwa kichwa mjini București Januari 1512. Kiti wakamweka mtu wao, Neagoe. Walikuwa na mali, askari na kibali cha Sultani. Kwa nguvu hawakuhitaji zaidi. Lakini Neagoe hakuthubutu kukaa kama boyari. Alitangaza kwamba yeye ni mwana wa Basarab cel Tânăr, yule Țepeluș, akajiita Neagoe Basarab, na kwa jina hilo akatawala hadi 1521 na kujenga kanisa la Curtea de Argeș, lililowekwa wakfu mwaka 1517, ambalo hadi leo ni moja ya majengo mazuri kuliko yote Romania. Mtu mwenye kila kitu alilazimika kutafuta mfupa. Sheria isiyo na uzito haimfanyi mtu wa namna hiyo abadilishe baba.

Neagoe alijaribu pia kumwachia kiti mwanawe Teodosie, ambaye bado alikuwa mtoto. Haikudumu hata mwaka. Maboyari wengine wakamleta Radu, aitwaye de la Afumați, mwana wa Radu cel Mare, aliyepigana vita vingi na Waosmani, hata vikaandikwa 20 kwenye jiwe la kaburi lake. Huyo Radu alimwoa Ruxandra, binti wa Neagoe, na amezikwa katika kanisa alilolijenga mkwewe. Mwaka 1529 maboyari walimuua yeye na mwanawe wakiwa wamekimbilia kanisani.

Kwa hiyo, mwalimu, swali lako la mwisho. Kwa sheria ya nchi yao, Vlad alikuwa halali mara zote 3. Radu ndugu yake alikuwa halali. Vladislav aliyeuawa na Vlad alikuwa halali. Dan aliyekatwa kichwa mwaka 1460 alikuwa na haki ileile ya kugombea. Ukitaka mnyang'anyi wa kweli kwa kipimo chao, mtafute mtu asiyekuwa na mfupa, na pengine utaishia kwa Neagoe, mmoja wa watawala bora ambao nchi hiyo iliwahi kuwapata. Wanafunzi watauliza kwa nini basi walichinjana kama wote ni halali. Wajibu kwamba walichinjana kwa sababu hiyo hasa: haki ya ndugu yako haikufutika maadamu yu hai na macho yake yanaona.

Wakikuuliza kizazi cha Dracula kiliishia wapi, hilo nalo lina jibu. Mwanawe Mihnea alitawala kuanzia 1508 hadi 1509 na kuuawa Sibiu mwaka 1510, akitoka kanisani. Ukoo ukaendelea. Wakati huo Sultani ndiye aliyekuwa akiwateua voivode moja kwa moja, na wagombea walimiminika Istanbul na fedha za kukopa, lakini bado mwombaji alipaswa kuonyesha baba yake ni nani. Mmoja wa wazao hao, Mihnea wa Pili, aliondolewa kitini mwaka 1591, akasilimu, akaitwa Mehmed, na Waosmani wakampa sanjaki, yaani jimbo, ya Nicopolis, ng'ambo ya Danubi, mji uleule ambako wadai kiti wa Wallachia walikuwa wakikimbilia kuomba askari. Mwanawe, Radu Mihnea, alibaki Mkristo. Alikuja kutawala Wallachia na pia Moldavia, kwa vipindi tofauti, na kwenye hati zake aliandika Io.